Mia Moja Arobaini na Nane kwa Kila Mwananchi

(Hotuba ya Mheshimiwa Costache Burdujan, Meya wa Râpeni, aliyoitoa Jumamosi ya tatu baada ya Pasaka, mbele ya jengo la zamani la maziwa, siku ya kuzindua Kituo cha Moyo. Imeandikwa neno kwa neno na katibu wa halmashauri, kama sheria inavyotaka. Yaliyomo kwenye mabano ni ya katibu mwenyewe. Hayo sheria haikuyataja.)

Mstahiki Naibu wangu. Waheshimiwa Madiwani, mliofika na mliotuma udhuru. Baba Padri Valerian, uliyetubariki asubuhi na utakayetubariki tena mezani. Bwana Mkuu wa Posta. Bibi Mkuu wa Shule. Kamanda wa Zimamoto pamoja na gari lake, ambalo leo ni mgeni rasmi kwa sababu limetoka gereji jana. Mwenyekiti wa Chama cha Wafuga Nyuki. Mwenyekiti wa kile chama kingine cha wafuga nyuki, na naomba msikae karibu. Sista Aglaia, muuguzi wa zahanati. Mama Mtawa Teofana wa monasteri ya mlimani, ambaye nitamfikia baadaye kwa heshima yake ya pekee. Bendi yetu ya tarumbeta. Na ninyi wananchi wenzangu wa Râpeni, wake kwa waume: itifaki imezingatiwa, na yeyote niliyemsahau ajihesabu yumo katika wadau wengine.

(Makofi. Wenyeviti wa nyuki hawakupiga.)

Nitakuwa mfupi. Najua basi la kwenda mkoani linaondoka saa sita kamili, na ninyi nyote mnamjua Gavril dereva, mtu ambaye hamngoji hata mkewe. Kwa hiyo nimeipunguza hotuba yangu kutoka kurasa arobaini hadi thelathini na nane.

(Mtu mmoja: "Mungu wangu!" Si Padri.)

Ndugu zangu, miaka saba iliyopita nilisimama papa hapa nikawaahidi mambo matatu: barabara, maji na moyo. Barabara ipo kwenye mchakato. Maji yapo mtoni, na kila mwenye ndoo anaweza kuthibitisha. Leo nimekuja na moyo. Nimekuja kuzindua mradi mtambuka, shirikishi na endelevu, ambao wataalamu wa mkoa walipousikia waliniuliza mara mbili kama nimesema kweli, nami nikawajibu mara mbili kwamba ndiyo.

(Makofi mengi kutoka meza kuu.)

Na tuanze na elimu, maana uongozi bila elimu ni kelele tu. Lehemu ni nini? Nimeulizwa swali hili hata na Madiwani, sitawataja, mmoja amevaa tai ya kijani. Lehemu, ambayo ninyi wa kawaida mnaiita mafuta ya damu, ni kitu kinachozunguka ndani ya mwili wa binadamu bila kibali cha mamlaka yoyote. Nayo iko ya aina mbili. Ipo lehemu mbaya, ambayo hujenga holela kwenye kuta za mishipa mpaka njia inakuwa nyembamba na damu inakosa pa kupita. Na ipo lehemu nzuri, ambayo hupita ikizoa ile mbaya na kuirudisha kwenye ini, sawasawa na idara yetu ya usafi itakavyofanya siku itakapopata gari.

(Sista Aglaia, ambaye peke yake pale meza kuu amesomea mambo haya: "Hapo umepatia, Mheshimiwa. Ishia hapo hapo.")

Asante, Sista, kwa pongezi hizo. Sasa, msimamo wa halmashauri kuhusu lehemu mbaya ni mkali. Tumeiundia kamati ndogo. Kamati hiyo imekaa vikao sita, na katika kila kikao imekula, nami nikiwa mwenyekiti nakiri kwamba tulikula vizuri, kwa sababu huwezi kumpiga vita adui usiyemjua ladha yake.

(Kicheko. Paraschiva Ungureanu, mke wa Mihalache mpiga tarumbeta, amesimama na karatasi mkononi: "Mheshimiwa, samahani, mimi nina swali moja tu, dogo. Mume wangu huyu...")

Maswali mwishoni, shangazi. Maswali mwishoni.

(Paraschiva: "Ni la ndiyo au hapana.")

Hayo ndiyo magumu kuliko yote. Kaa, shangazi yangu, kaa.

(Amekaa. Karatasi hajaiweka chini.)

Niendelee. Ndugu zangu, tulikotoka ni mbali. Mwaka jana wachache kati yenu walikwenda kupimwa huko mkoani, wakarudi na karatasi zilizojaa vinyota pembeni mwa namba. Kinyota hapa, kinyota pale. Nakumbuka mzee mmoja aliingia ofisini kwangu, akaniambia, "Mheshimiwa, nina nyota tatu." Nikamwambia, mzee wangu, inua kichwa! Kule mjini kuna hoteli zinaomba usiku na mchana zipate nyota tatu, wewe umezipata bila kubadilisha hata shuka.

(Kicheko kikubwa. Paraschiva, bila kusimama: "Huyo mzee ndiye mume wangu. Mafuta ya damu mia mbili tisini na moja. Ile mbaya peke yake mia mbili na nne." Kwenye bendi, Mihalache amejishughulisha kupangusa tarumbeta yake. Sista Aglaia: "Kinyota maana yake namba imetoka nje ya mpaka, Mheshimiwa. Si zawadi.")

Tafsiri zinatofautiana, Sista, na demokrasia inaziruhusu. Lakini sikuishia kwenye faraja. Kiongozi hafariji tu, huchakata takwimu. Nilikaa na jedwali lile la hatari ambalo madaktari hulitumia kuwatisha watu. Jedwali linachukua umri wako, sigara zako, presha yako, lehemu yako, halafu linakwambia: wewe bwana, uwezekano wa moyo wako kukuletea matatizo katika miaka kumi ijayo ni asilimia kumi na nne. Mtu akisikia hivyo anakosa usingizi. Mimi nikachukua kalamu. Asilimia kumi na nne kwa miaka kumi ni asilimia moja nukta nne kwa mwaka. Gawanya kwa siku mia tatu sitini na tano, unapata kitu kidogo sana, kwa kweli mashine yangu ilikataa kukionyesha. Na mimi nawauliza, kuna mtu hapa anaishi miaka kumi kwa siku moja? Sisi sote tunaishi siku moja moja! Kwa hiyo kwa kila siku ya kazi, hatari ya ugonjwa wa moyo hapa Râpeni, kwa mahesabu ya ofisi yangu, ni sifuri.

(Makofi. Sista Aglaia amefunika uso kwa mikono miwili. Mheshimiwa amejifuta jasho, ingawa jua lilikuwa bado nyuma ya mnara wa kanisa.)

Naona mmefurahi. Nami nimefurahi. Nipeni maji... si hayo, yale yenye mapovu. Asante.

Sasa tuje kwenye zoezi lenyewe la upimaji, ambalo historia italiandika, na kama haitaliandika, katibu wangu yupo hapa anaandika. Kibali cha mradi kilikuwa kinaisha siku ya Ijumaa Kuu. Si Alhamisi, si Jumamosi Kuu. Ijumaa Kuu! Mimi kibali sikukiandika mimi. Nikatangaza: wananchi wote, ukumbi wa shule, saa mbili asubuhi, bila kula. Na bila kula hamkuwa na tabu, maana mlikuwa kwenye mfungo siku arobaini na kitu, hamjagusa nyama, yai wala jibini, mmekuwa watu wa maharage na kabichi chachu. Mkaja. Foleni ikatoka ukumbini, ikazunguka kisima, ikafika mpaka kwa mshona viatu. Sista Aglaia akafungua boksi la sindano.

Na hapo, ndugu zangu, maendeleo yakakutana na mila.

(Kicheko. Wanawake wa viti vya mbele wamefanya ishara ya msalaba.)

Mnakumbuka wenyewe. Bibi wa kwanza kwenye foleni aliiona sindano akapiga ukelele utadhani ameona nyoka. "Ijumaa Kuu hatushiki sindano hata ya kushonea kifungo, sembuse ya kumchoma binadamu! Damu imwagike leo? Nyumba yangu iingiwe na mkosi?" Na wa pili hivyo hivyo, na wa tatu hivyo hivyo. Watu mia sita na kumi na moja waliojiandikisha, wote wamekunja mikono, hakuna anayekubali kuchomwa, na hakuna anayekubali kurudi nyumbani bila karatasi! Meya wa kawaida angeahirisha. Nawauliza, mimi ni meya wa kawaida?

(Sauti kadhaa: "Hapana!" Sauti moja: "Laiti!")

Nikabuni! Papo hapo nikabuni. Nikaleta teknolojia ya upimaji usio na sindano: kile kibanio cha kidoleni chenye taa nyekundu. Kila mmoja wenu alikiweka kidoleni, akahesabu mpaka kumi, taa ikawaka, akatia sahihi, akaenda zake kanisani akiwa na dini yake nzima na damu yake nzima. Na asubuhi ya Pasaka, kila mmoja akaletewa karatasi yake nyumbani, jina lake juu, namba zake katikati, na chini, ndugu zangu, chini, muhuri.

(Mihalache, kutoka kwenye bendi, kwa fahari: "Muhuri wa duara!")

Wa duara, mzee wangu! Si ule wa pembe nne wa kupokelea barua. Wa duara! Na sote tumelelewa kujua kwamba mtu aweza kudanganya, gazeti laweza kudanganya, hata mke, samahani Baba Padri, aweza kudanganya, lakini karatasi yenye muhuri wa duara haidanganyi.

Na matokeo? Ah, ngojeni nivae miwani. Wastani wa lehemu kwa wananchi wote wa Râpeni waliopimwa ni mia moja arobaini na nane. Lehemu mbaya, sabini na moja. Lehemu nzuri, sitini na sita. Hakuna kinyota hata kimoja, tumevifuta vyote! Na si wastani tu. Aliye juu kabisa ana mia moja arobaini na nane. Aliye chini kabisa ana mia moja arobaini na nane. Mchinjaji na mwalimu, kijana na kikongwe, anayevuta sigara pakiti mbili na asiyejua kiberiti kinawashwaje, wote sawa! Serikali ngapi zimepita nchi hii zikituahidi usawa, zikatuachia foleni? Mimi nimeuleta usawa, na nimeuingiza ndani ya mishipa.

(Makofi. Kisha, taratibu, watu wameanza kutoa karatasi mifukoni na kuchungulia ya jirani. "Na wewe mia arobaini na nane?" "Na mimi." "Na mama mkwe wako?" "Naye." "Yule? Anayekunywa mafuta ya bata kwa kijiko?" Makofi yamekatika.)

Msilinganishe karatasi wakati kiongozi anaongea, si adabu. Na msidhani nawahubiria nisichokiishi. Mimi mwenyewe, mbele yenu, nilikuwa mtu wa vidonge. Miaka minne! Kidonge kila usiku, na mke wangu akinihesabia vipande vya mafuta ya nguruwe kama askari magereza. Nilipopata karatasi yangu nikaitazama, nikautazama muhuri, nikamwambia mke wangu: mama, lete sahani. Siku ya Pasaka nilikula kondoo, nikala ugali wa mahindi na siagi na jibini, nikala ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka, ile inayolia mdomoni, na usiku ule kidonge nikakitupa kwa kuku. Tangu siku hiyo najisikia kijana. Mkono huu tu wa kushoto ndio unanisumbua kidogo, nimelala vibaya.

(Paraschiva amesimama tena. Safari hii hakuomba samahani: "Mheshimiwa, swali langu ndilo hilo hilo! Mume wangu alilazwa mwaka jana, baada tu ya zile nyota, moyo ulimkamata akiwa anapasua kuni, daktari akasema hizi dawa ni za maisha. Umemletea karatasi, ameacha dawa wiki tatu sasa. Wiki tatu! Nikimwambia meza, ananionyesha muhuri. Jana usiku kapanda ngazi tano akakaa chini. Nataka uniambie mbele za watu: arudie dawa au asirudie?")

(Mihalache: "Mwanamke, unaniaibisha mbele ya bendi.")

(Paraschiva: "Nyamaza wewe, pumzi yenyewe huna ya kubishia.")

(Sista Aglaia: "Arudie! Nimemwambia mara ngapi? Hata namba ingekuwa nzuri kweli, mzee, ni nzuri kwa sababu ya dawa. Ukiacha dawa inapanda kimya kimya, haikuumi popote, mpaka siku ile. Na namba si kila kitu: una miaka sitini na nane, una presha, baba yako alikufa kwa moyo. Hayo karatasi imeyasema?")

Sista, Sista! Tusigeuze uzinduzi kuwa kliniki. Shangazi Paraschiva, swali lako ni zuri, limepokelewa, limeandikwa, na litajibiwa mwishoni kwa mujibu wa ratiba. Katibu, umeandika?

(Katibu ameandika.)

Basi nimalizie na Kituo. Mnaona nyuma yangu utepe. Nyuma ya utepe mnaona mlango mpya, mweupe, wenye msalaba mwekundu na kitasa kinachong'aa. Hiki ndicho Kituo cha Moyo cha Râpeni, cha kwanza cha aina yake bondeni kote, chenye vyumba kumi na viwili kwenye ramani, mashine ya kuchunguza moyo kwenye orodha, na gari la wagonjwa kwenye awamu ya pili. Naomba mtu yeyote asishike kitasa kabla sijakata utepe. Na hata baada ya kukata utepe, naomba mtu yeyote asishike kitasa. Rangi haijakauka.

(Kamanda wa Zimamoto: "Rangi nilipaka mimi Jumanne. Imekauka.")

Ulipaka kwa kujitolea, na tunakushukuru kwa kujitolea kunyamaza. Ndugu wananchi, nawaomba sasa tuitikie pamoja kaulimbiu zetu, bendi ijiandae. Nikisema "Moyo wako," mseme "mtaji wetu!" Moyo wako!

("Mtaji wetu." Walioitikia: meza kuu.)

Lehemu nzuri!

("Idumu." Nusu ya meza kuu.)

Lehemu mbaya!

(Mtu mmoja: "Imo humu humu.")

Râpeni!

(Watu walikuwa wanasoma karatasi.)

Vema, vema, muda umekwenda. Basi niwashukuru. Nawashukuru Madiwani kwa kupitisha kila kitu bila kukisoma. Namshukuru Kamanda kwa mlango, alioutoa kwenye banda lake la zamani akaupigilia misumari ukutani kwa ustadi mkubwa, mpaka mtu akisimama mbali hawezi kujua kwamba nyuma yake hakuna kitu. Nakishukuru Chama cha Wafuga Nyuki kwa asali ya wageni. Namshukuru binti yangu kwa kutuazima kile kibanio chenye taa nyekundu, ambacho sasa atakirudisha kwenye baiskeli yake. Na mwisho kabisa, shukrani zangu za pekee, na naomba asimame tumwone, Mama Mtawa Teofana! Siku ile ya Ijumaa Kuu, wote mlipokunja mikono, mama huyu, mwenye miaka arobaini ya mfungo, asiyejua nyama inanukaje, alikunja mkono wa joho lake akamwambia Sista, "Kama ni kwa ajili ya watu, nichome mimi. Leo ndiyo siku yenyewe ya mmoja kumwaga damu." Akachomwa! Chupa moja ikaenda mkoani kwa basi la Gavril, ikarudi na mia moja arobaini na nane. Kama Diwani mmoja anaweza kuwawakilisha watu elfu moja, kwa nini mshipa mmoja usituwakilishe sisi? Mmoja alitoa kwa ajili ya wote!

(Padri Valerian: "Costache! Hiyo usiiguse." Mama Teofana amesimama, mdogo, mweupe usoni: "Mimi niliambiwa ni yangu tu. Mwanangu, umewapa watu afya yangu wakala nayo nyama?")

Tulia, mama, ni uwakilishi...

(Paraschiva ameshaipita meza kuu: "Kwa hiyo damu ya mume wangu iko wapi?")

Iko salama, shangazi! Iko salama kabisa, imo ndani yake mwenyewe, hatukuchukua hata tone!

(Sikusikia tena makofi baada ya hapo. Paraschiva alishika kitasa, akavuta, mlango wote ukang'oka na misumari yake, ukaanguka juu ya utepe. Nyuma yake ukuta wa matofali wa jengo la maziwa, na maandishi ya zamani: UCHAFU USITUPWE HAPA. Akageuka, akamtazama Mheshimiwa. "Costache wa marehemu Saveta," akasema, "nimekufuta kamasi kwa aproni yangu ukiwa na miaka minne. Mama yako alikufa kwa moyo, mikononi mwangu, hapo hapo kisimani. Na wewe unamchezea mume wangu kwa muhuri?" Alikuwa analia, hajifichi.)

(Mihalache aliiweka tarumbeta chini, kwenye nyasi, pole pole. Alitoa karatasi mfukoni mwa shati, akaikunja mara nne, hakujua pa kuitupa. "Paraschiva," akasema, "lile boksi la dawa ulilitupa?" Paraschiva akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akalitoa. Alikuwa akizunguka nalo wiki zote tatu.)

(Na kwa kuwa naandika neno kwa neno, niandike na hili. Karatasi zile nilizichapa mimi. Nilipewa moja, ya mtawa, nikaambiwa badilisha jina tu, nikabadilisha jina mara mia sita na kumi na moja. Nina watoto wawili na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Jina la Mihalache lilikuwa la mia tano na themanini na tatu. Nilikuwa nimechoka, sikufikiri chochote. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la Mheshimiwa mwenyewe.)

(Sista Aglaia alipanda juu ya kiti: "Sikilizeni! Mwenye dawa za moyo, za presha, za mafuta ya damu, aliyeziacha tangu Pasaka, apande basi la Gavril sasa hivi, hospitali ya mkoa, mimi naenda nanyi. Sindano ya kweli, damu yenu wenyewe!" Mtu akauliza, "Na tuliokula asubuhi?" "Hata mliokula, wewe panda!" Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Watu wakaviacha viti, wakaiacha na asali.)

Wananchi! Wananchi, ratiba bado! Bendi ipige! Bendi... Kuna chakula, jamani, kuna kondoo... Katibu, wazuie. Katibu. Njoo hapa. Hiki kipaza sauti kimezimwa? Nisikilize, katibu, ile karatasi yangu. Yangu mimi. Mimi nilisema karatasi za wananchi. Yangu uliinakili kutoka vipimo vyangu vya mkoani, sivyo? Yangu ni ya kweli? Mbona unanitazama viatu?

(Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa.)

(Mheshimiwa aliteremka jukwaani bila kusaidiwa, ameshika bega la kushoto, kofia ameiacha mezani. Basi lilikuwa limejaa hadi ngazini. Kwenye kiti cha mbele alikaa Paraschiva, na dirishani Mihalache, na kidonge tayari ulimini, akitafuta maji. Gavril, ambaye hamngoji hata mkewe, alikuwa ameshika gia na hakuondoka.)

Shangazi... nafasi ipo hapo? Na huu mkono, Sista, unauma mpaka kidoleni... ni usingizi mbaya tu, au ni nini? Shangazi, niambie ukweli. Ni nini?

(Paraschiva alisogea, akampisha nusu ya kiti.)

("Maswali mwishoni, Mheshimiwa," akasema. "Panda.")